Mattancherry kwa miguu: mtaa wa Wayahudi na kituo cha Babu Kappiri

Watu wa kwetu wanaokwenda India kutibiwa huondoka wamejaa maelekezo: daktari gani, vipimo gani, lodge ipi iliyo karibu na hospitali, dola zibadilishwe wapi. La msindikizaji halisemwi. Msindikizaji ana kazi asubuhi daktari anapopita na jioni dawa zinapogawiwa. Hapo katikati ni kukaa kwenye kiti cha plastiki na kutazama feni. Mimi nilikuwa Kochi, jimbo la Kerala, kusini ya India, nikimuuguza mama aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga. Alipoanza kujikongoja mwenyewe na kile chuma cha kutembelea, alinichoka yeye kabla sijamchoka mimi. "Mwanangu, hebu toka ukatembee. Unanikodolea macho kama mtu anayenidai."

Basi nikaanza kuvuka maji kwenda mji wa kale. Naandika kwa sababu kila siku kuna mtu wa Unguja, Pemba, Dar au Mombasa anayepelekwa India, na waliopitia Kochi nilioongea nao karibu wote waliona mahali pamoja tu, lile jumba la maduka la Lulu. Si pabaya, lina baridi ya bure. Lakini ukiwa mtu wa pwani hii na ukaondoka Kochi bila kutembea Mattancherry, umepita mlangoni kwa ndugu bila kubisha hodi.

Mambo ya karatasi niyapitie haraka. Mgonjwa ana viza yake ya matibabu na anayemuuguza ana viza yake ya msindikizaji. Kadi ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti, usiifungie kwenye sanduku. Ukitoka kutembea beba nakala ya pasipoti na noti ndogo ndogo za rupia. Wenyeji hulipa hata kikombe cha chai kwa simu, wewe mgeni kwa kawaida huwezi, na muuza tikiti ukimpa noti ya 500 atakutazama mpaka uone haya.

Hospitali nyingi ziko ng'ambo ya bara, upande wa Ernakulam. Mji wa kale uko upande wa bahari, na una vipande viwili vilivyoshikana: Fort Kochi, mji wa Wazungu wa zamani, na Mattancherry, mji wa wafanyabiashara. Kwa gari utapita madarajani na kukaa kwenye foleni. Panda boti. Ipo ya serikali inayotoka gati la Ernakulam kwa nauli ya rupia chache, na ipo ile mpya ya umeme, Water Metro, iliyoanza 2023, ambayo ni safi na ina kiyoyozi. Mimi niliipenda ile kuukuu, maana upepo unakupiga usoni na unaona bandari yote.

Ukishuka Fort Kochi utapokewa na watu wa bajaji. Atakuja mmoja, mpole, na kukwambia atakuzungusha mji mzima kwa rupia 50. Bei hiyo si huruma. Utapelekwa duka la viungo, duka la shali, duka la vito, kisha duka jingine la viungo, na yeye analipwa kwa kila mlango unaouingia. Mimi nilimwambia wangu, "Kaka, miguu yangu mizima," akacheka, akaniacha. Anayehitaji kupanda kweli aite kwa programu ya simu, bei aione kabla.

Pale ufukweni ziko nyavu za Kichina, mitambo mikubwa ya mbao inayozamishwa na kuinuliwa kwa uzito wa mawe. Watakuita uvute kamba upigwe picha, kisha watataka pesa. Tazama kwa mbali, inatosha.

Hatua chache kutoka hapo liko kanisa la Mtakatifu Francis, lililoanzishwa na Wareno 1503. Huku kwetu jina la Vasco da Gama tulilikariri darasani: 1498 alipita Mombasa, akapokewa Malindi na kupata nahodha wa kumvusha hadi India, 1502 akarudi na mizinga na kumlazimisha Sultani wa Kilwa kulipa kodi. Mtu huyo alifia Kochi 1524 na akazikwa ndani ya kanisa hili. Mifupa yake ilihamishwa 1539 kupelekwa Ureno, lakini jiwe la kaburi bado lipo sakafuni, limezungushiwa uzio. Wazungu walikuwa wakilipiga picha kwa heshima. Mimi niliwaza Kilwa, nikatoka nje kutafuta maji ya dafu.

Kutoka hapo mpaka mtaa wa Wayahudi ni kama kilomita tatu ukifuata barabara ya maghala, Bazaar Road. Usiipande bajaji sehemu hii. Maghala yamepangana kushoto na kulia, milango ya mbao iko wazi, na kila moja lina harufu yake: tangawizi kavu, pilipili manga, iliki, mchele, kitunguu saumu. Wachukuzi wamebeba magunia kichwani, ukisimama katikati ya njia utasukumwa bila kuombwa radhi. Nilipofika kwenye karafuu nilisimama. Mtoto wa shamba la karafuu hawezi kupita. Nikachota kiganjani, nikanusa, nikamuuliza bei mwenye duka, mzee wa kofia nyeupe, naye alipokuwa akishauriana na mwanawe nikasikia Kikachi, lugha ya Wahindi wa Kachi. Kikachi kile kile cha madukani kwetu Darajani! Mattancherry ina Wakachi Memon, Magujarati, Mabohora, Wakonkani, Watamili, kila watu na nyumba yao ya ibada. Nilimsalimia kwa yale maneno yangu machache ya Kikachi. Akaniletea kiti na chai, na akaniambia babu zake walikuwa na jamaa "Jangbar", yaani Zanzibar. Bei ya karafuu hakupunguza.

Kabla ya mtaa wenyewe liko kasri la Mattancherry. Wareno walimjengea mfalme wa Kochi karibu na 1555, Waholanzi wakalikarabati 1663, na jina likabaki lao: Kasri la Waholanzi. Kwa nje halina makuu. Ndani kuta zimechorwa Ramayana, hadithi kuu ya Wahindu, toka chini hadi juu, na picha hairuhusiwi kupigwa. Kiingilio ni rupia chache. Hufungwa Ijumaa.

Siku ni jambo la kuangalia sana hapa. Familia moja ya Mombasa tuliyokaa nayo lodge moja walikwenda Jumamosi, mgonjwa wao akiwa kwenye kiti cha magurudumu, wakakuta sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi, limefungwa kwa Sabato. Ijumaa kasri limefungwa na sinagogi lenyewe halitegemewi, hasa kuanzia mchana. Sikukuu zote za Kiyahudi pia hufungwa, na siku za kawaida kuna mapumziko marefu ya adhuhuri. Kwa hiyo chagua Jumapili au siku kati ya Jumatatu na Alhamisi, ufike asubuhi. Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti, viatu vya kuvua upesi, na begi liwe dogo.

Mtaa wa Wayahudi, Jew Town kama kibao kinavyosema, ni mfupi kuliko nilivyotarajia. Madirishani utaona nyota za pembe sita kwenye vyuma, na chini yake shali za pashmina, masanduku ya njumu, taa za shaba. Wauzaji wengi ni Wakashmiri, Waislamu, na waliponiona na hijabu wakaanza na "Assalaam alaykum, dada" ili nione aibu kupita. Vingi vinavyoitwa vya kale vina umri wa mtoto wa chekechea. Kama unataka kununua, uliza kwanza maduka matatu, na bei ya kwanza usiijibu.

Nitakuwa mkweli kuhusu jambo moja. Nilipotuma picha ya mtaa kwenye kundi la familia la WhatsApp, shangazi yangu alijibu kabla hata picha haijafunguka kwa wengine: "Umefuata nini kwa Mayahudi, na dunia ilivyo sasa?" Sikumlaumu. Yanayotokea Gaza yamo vifuani mwetu, na mimi mwenyewe nilisimama nje ya lango la sinagogi, mbele ya polisi, nikijishauri. Nilichokifikiria ni kwamba waliojenga jumba hili 1568 walikuwa watu wa bahari hii hii, waliofika kwa monsuni kama watu wetu walivyokwenda na kurudi. Nikavua viatu nikaingia. Shangazi tulizungumza baadaye kwa simu, kwa kirefu, na hakunielewa hadi leo.

Sinagogi la Paradesi limepakana ukuta na hekalu la mfalme, maana kiwanja alikitoa mfalme wa Kochi mwenyewe. Wayahudi wa zamani zaidi wa Malabar walikuwa wakikaa Kodungallur, kaskazini, na wana mabamba ya shaba ya kiasi cha mwaka 1000 ambamo mtawala wa huko alimpa kiongozi wao Joseph Rabban haki za kibwana: kutoza ushuru, kutembea na mwavuli na taa za mchana. Hao ndio Wamalabari. Paradesi, yaani "wageni", walifika baadaye, wengi baada ya Hispania kuwafukuza Wayahudi 1492, wengine kutoka Iraki na Yemen. Wareno waliwatesa wote, na 1662 wakalichoma sinagogi hili kwa sababu Wayahudi waliwaunga mkono Waholanzi. Mwaka uliofuata Waholanzi waliuteka mji, na jengo likatengenezwa upya.

Ndani kuna ubaridi. Sakafu ni vigae vya Kichina vyeupe na buluu, vimechorwa kwa mkono, na ukikaa kwenye benchi la pembeni utaanza kuona kwamba havifanani. Taa za vioo zimening'inia kwa rangi zote. Katikati kuna mimbari ya shaba, na juu, kwenye roshani, kuna mimbari ya pili, jambo la masinagogi ya Kerala. Uani, ukutani, kuna jiwe lenye maandishi ya Kiebrania lililotolewa kwenye sinagogi jingine la 1344 ambalo halipo tena. Mnara wa saa wa 1760 una nambari za Kiebrania upande mmoja, za Kirumi na za Kimalayalam, lugha ya Kerala, pande nyingine. Mwaka 1968, sinagogi lilipotimiza miaka 400, Waziri Mkuu Indira Gandhi alikuja mwenyewe.

Makundi ya watalii huingia, huambiwa habari za vigae, hutoka. Wewe kaa. Chumba kile cha kuingilia, ambacho wote wanakipita, ndicho kilichonishika. Jamii hii iliitwa na wageni "Wayahudi weupe", na Wamalabari wakaitwa "weusi". Ndani ya Paradesi wenyewe walikuwepo watu wa daraja ya tatu, wazao wa watumwa walioachwa huru. Waliomba Mungu yule yule kwa lugha ile ile, lakini hawakuruhusiwa kuketi kwenye mabenchi wala kuitwa kusoma Torati. Walikaa sakafuni, huko mlangoni. Mmoja wao, A. B. Salem, aliyezaliwa 1882, alisoma hadi akawa wakili, akatumia njia za Mahatma Gandhi dhidi ya watu wa mtaa wake mwenyewe: kugoma, kuja na kukaa pasipotakiwa, kusema mbele ya watu. Walimwita Gandhi wa Wayahudi. Vizuizi vikalegea kidogo kidogo wakati wa uhai wake, na alipofariki 1967 jamii yote ilikuwa imekwisha kupungua. Mzanzibari hahitaji kuelezwa sana habari ya watu kusali pamoja na kupangwa kwa ukoo. Nilikaa pale mpaka mlinzi akaniashiria kwa mkono.

Walikwenda wapi? Walihamia Israel, wengi wao katika miaka ya 1950. Kerala nzima ilikuwa na Wayahudi zaidi ya 2,000, leo wanahesabika kwa vidole. Mtaani humu aliishi Sarah Cohen, mshonaji wa vitambaa vya taraza, aliyefariki 2019 akiwa na miaka 96. Aliyemtunza uzeeni na kuendeleza duka lake ni Mwislamu wa hapo hapo. Mwisho wa pili wa mtaa, kusini, kuna sinagogi la Kadavumbhagam, la Wamalabari, kongwe kuliko Paradesi. Hilo halina vigae wala tikiti. Liligeuzwa ghala, na mvua za 2019 ziliangusha sehemu yake ya mbele. Watalii hawafiki, na nafikiri ndilo linalosema kweli zaidi kuhusu mtaa.

Karibu na hapo, kwenye kichochoro cha nyumba za kawaida, kuna kaburi la Nehemia Mota, mshairi na mcha Mungu wa Kiyahudi anayesemwa alitoka Yemen, aliyefariki 1615. Limepakwa chokaa, limejaa nta. Wanaowasha mishumaa ni Wahindu, Wakristo na Waislamu wa jirani, kwa ajili ya mtoto anayeumwa au shida isiyotatulika. Nilisoma Fatiha ya mama moyoni, si kwa ajili ya kaburi. Ulizeni watoto, watawapeleka. Msiulize maduka ya shali, watawaambia hakipo kitu.

Nilipokuwa nakunywa chai kibandani, muuza chai akaniuliza nimetoka wapi. "Afrika." Uso ukamwangaza: "Ah! Kappiri!" Damu ikanipanda. Mimi na hijabu yangu naitwa kafiri? Wateja wakaingilia kunifafanulia kwa Kiingereza cha kuokoteza. Neno ni lile lile walilolibeba Wareno kutoka kwa Waarabu, lakini hapa ni jina la mtu: Kappiri Muthappan, Babu Kappiri. Siku nyingine nikarudi, nikaenda kumtafuta.

Kituo chake kiko Mangattumukku, humo humo Mattancherry, mwendo mfupi kutoka mtaa wa Wayahudi. Hakuna sanamu wala picha. Ni ukuta na jukwaa dogo, lenye mishumaa, maua na masizi. Wareno walileta Kochi watumwa wa Kiafrika, wengi kutoka pwani ya Msumbiji. Wenyeji wanasimulia kwamba Waholanzi walipouzingira mji, Wareno walizika mali zao kutani na chini ya miti, na katika kila shimo wakamuua mtumwa na kumzika pamoja na dhahabu, ili roho yake ilinde mpaka wenyewe warudi. Hawakurudi. Roho zikabaki, na watu wa mtaa, badala ya kuziogopa tu, wakazifanya babu. Anayepotelewa na kitu au anayeanza biashara huja kuwasha mshumaa, humwekea sigara, tembo la mnazi, mayai, samaki. Wanasema usiku husikika akicheka na kupiga mluzi, na huwaonyesha njia waliopotea.

Alikuwepo mama mmoja mwenye sari akiwasha mshumaa. Alinitazama usoni, akatazama ukuta, akanitazama tena. Akanishika mkono. Hatukuwa na lugha. Mimi si wa kuomba kwenye kuta, na sikuomba, lakini nililia, na bado sijui kuieleza vizuri familia yangu. Katika mji ambao jiwe la da Gama lina uzio na vibao vya maelezo, mtu aliyebebwa kutoka upande wetu hana hata jina, na ndiye anayekumbukwa kila siku kwa mshumaa wa rupia mbili tatu.

Ukifika pale usipige picha kabla ya kuomba ruhusa. Na kama wewe ni mweusi, jiandae: utatazamwa. Kochi walinitazama sana, wakaniomba picha za pamoja, wakadhani mimi ni Mnigeria. Wengi ni udadisi tu. Vijana wachache walicheka vibaya na sikuwajibu. Usiku nilikuwa nimesharudi Ernakulam.

Chakula: Mattancherry ni mahali pa biriani. Kayees ni mkahawa wa zamani wenye sifa zake, na biriani yake ina wali mwembamba na viungo vya upole kuliko ya kwetu. Nenda kabla ya saa saba mchana, huisha. Nilimbebea mama na akasema haifikii ya shughuli ya Malindi yetu ya Unguja, kisha akamaliza yote.

Hali ya hewa msiidharau. Kuanzia Juni mvua za monsuni hunyesha kama zinalipwa, na Machi mpaka Mei jua linauma. Desemba mpaka Februari ndio wakati wa kutembea, ingawa mgonjwa hachagui mwezi. Viatu vya wazi vyenye soli nene, chupa ya maji, mwavuli. Nguvu zako zihesabu vizuri: ukirudi na malengelenge miguuni, wodi nzima itakucheka, na kesho yake ni wewe unayemwinua mgonjwa kitandani.

Kilichobaki ni Chendamangalam na Paravur, kaskazini ya Kochi, chini ya kilomita 40. Masinagogi yote mawili yamekarabatiwa na serikali kuwa makumbusho, na Chendamangalam liko jiwe la kaburi la mwanamke aitwaye Sara, la 1269. Basi zinakwenda. Mimi daktari aliruhusu mama asafiri mapema kuliko tulivyotarajia, tukakata tikiti siku hiyo hiyo, kwa hiyo hapo atakayefika atuandikie.